Mlima Usiolaliwa: Safari ya Palitana

Nimerudi Mombasa mwisho wa Januari kutoka Palitana, mji wa hija wa Wajaini katika jimbo la Gujarat, India, na daftari lililojaa maandishi ya penseli, kurasa nyingine zimefutika kwa jasho la mlimani. Nimezipanga hapa nikisaidiwa na picha za simu, ili anayetaka kupita njia hii apate pa kuanzia.

Chanzo cha safari ni bosi wangu. Nauza vipuri katika duka la Muoshwali, Mhindi mwenye asili ya Gujarat, mzaliwa wa hapa hapa mjini, mtu wa dini ya Kijaini. Mtaani wote tunawaita Mabaniani na mambo yanaishia hapo. Lakini huyu hali kiazi wala kitunguu, hagusi chakula jua likishatua, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka hukaa kimya dakika 48 na kipimo cha mchanga mbele yake. Nimemuuliza maswali miaka nenda miaka rudi. Mwisho akachoka: "Mimi ni mfanyabiashara, si mtawa. Nenda Palitana ukaone mwenyewe." Nina mpwa anayesoma Rajkot, Kihindi chake kizuri na Kigujarati chake kinatosha kuulizia njia. Nikaomba likizo.

Januari 11 na 12: Mombasa, Nairobi, Mumbai

Hakuna la kusimulia ila usingizi wa kwenye viti. Kwa atakayefuata: visa ya India huombwa mtandaoni, na kile kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano kiwe kimepigwa mhuri angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Afisa pale Mumbai alikiulizia kabla hajafungua pasipoti yangu. Mpwa alikuwa ananingoja nje na shali mbili. Nilimcheka. Kufika alfajiri ya Palitana nilikuwa nimejifunika zote mbili.

Januari 13: Treni ya Ahmedabad

Treni ya alasiri kutoka Mumbai Central, kiti cha kiyoyozi pamoja na chakula, rupia 1,200 hivi. Hesabu rupia moja kama shilingi moja na nusu ya Kenya.

Jirani yetu alikaa bibi mmoja na binti yake na wajukuu wawili. Ilipofika saa kumi na moja na nusu bibi akaanza kuchungulia dirishani kila baada ya dakika chache, akilipima jua. Kisha mabakuli yakafunguliwa: thepla, yaani chapati za majani ya uwatu, achari ya embe, na khakhra, zile chapati nyembamba zinazokaushwa kikaangoni mpaka zinavunjika zikiguswa. Akatugawia bila kutuuliza sisi ni nani.

"Mjomba, kula upesi," mpwa akaninong'oneza. "Anasema zimebaki dakika ishirini."

Jua lilipozama vifuniko vikarudi mahali pake. Wajukuu walipewa maji, bibi hakunywa hata tone mpaka tunafika. Binti yake akatueleza kwa utaratibu: gizani wadudu huvutwa na taa na chakula, nawe ukawameza bila kujua. Na kiazi? Kiazi, karoti, kitunguu na thomu, akasema, ni mwili mmoja unaokaliwa na roho zisizo na idadi, na kuking'oa ni kuua mmea mzima pamoja na vilivyomo udongoni. Embe ukilichuma, mti unabaki. Kwao kila kilicho hai kina roho, na hupangwa kwa milango ya fahamu: udongo, maji, moto, hewa na mimea vina mguso peke yake, minyoo wana miwili, na kuendelea hadi mwanadamu na ng'ombe wenye mitano. Kuishi bila kudhuru kabisa haiwezekani, kwa hiyo mtu hupunguza, na huanza kupunguza kutoka juu.

Trei yangu ya reli ilifika baada ya Magharibi, wali na mchuzi wa viazi. Niliila, lakini nikijua ninatazamwa na watoto wawili.

(Mkahawani, Mumbai au popote Gujarat, ukisema tu neno "Jain" utaletewa mchuzi usio na kitunguu, thomu wala kiazi. Hauna bei ya ziada, na mara nyingi ndio mtamu zaidi.)

Januari 14: Ahmedabad, sikukuu ya tiara

Sikupanga kufika siku ya Uttarayan, bahati ilinipeleka. Mji mzima uko juu ya mapaa ukirusha tiara, na nyuzi zimepakwa unga wa vioo ili zikate nyuzi za wengine. Zinakata pia mabawa. Kila pembe ya mji wa zamani kulikuwa na hema la kupokea ndege walioumia: meza, madaktari wa mifugo, vijana wenye glavu, maboksi ya viatu yaliyotobolewa matundu. Serikali ya jimbo nayo huendesha kampeni ya kuwaokoa ndege siku hizi, na Wajaini ndio wengi wa wanaojitolea. Kijana mmoja alimpa mpwa wangu boksi lenye njiwa alishike wakati yeye anatafuta bandeji, akapotea nusu saa. Tulipomwona tena, tulimuuliza kama nyumbani kwao hawarushi tiara. Akacheka: "Kaka yangu yuko juu ya paa saa hii."

Mji wa zamani umegawanyika katika mitaa ya vichochoro inayoitwa pol, na katikati ya mitaa mingi kuna mnara mdogo wa mbao wenye nakshi, nyumba ya kulishia ndege. Nafaka huwekwa humo kila asubuhi. Wajaini pia wana mabanda makubwa ya kutunzia ng'ombe wazee na wanyama vilema hadi wafe kwa siku zao, nayo yapo tangu zamani sana.

Alasiri tulikwenda hekalu la Hutheesing. Lina marumaru nyeupe tupu, lilimalizika mwaka 1848, na limewekwa kwa Dharmanath, wa 15 katika walimu wakuu 24 wa Ujaini wanaoitwa Tirthankara. Mfanyabiashara Hutheesing alifariki kabla ujenzi haujakamilika, mjane wake Harkunvar akausimamia mpaka mwisho, na gharama inatajwa kuwa laki 8 za rupia za wakati ule. Uani kuna vyumba vidogo 52 vya sanamu, vyote vimeelekea ndani. Wote wamekaa mkao mmoja, miguu imekunjwa, macho wazi, na huwezi kumjua huyu ni nani mpaka utazame alama iliyochongwa chini: simba ni Mahavira, nyoka ni Parshvanath, fahali ni Adinath wa kwanza kabisa.

Mbele ya sanamu, mama mmoja alikuwa akipanga punje za mchele juu ya kibao. Alichora swastika, alama ya kale ya huku, maelfu ya miaka kabla Ulaya haijaichafua. Mikono yake minne ni hali nne ambazo roho huzaliwa ndani yake: mbinguni, utu, mnyama au mmea, na jehanamu. Juu yake vitone vitatu: imani sahihi, elimu sahihi, mwenendo sahihi. Juu kabisa mwezi mwandamo wenye nukta, mahali pa roho zilizokombolewa. Alipomaliza aliinuka akauacha mchele palepale. Hairuhusiwi kupiga picha ndani, kwa hiyo niliuchora daftarini.

Usiku tulikula undhiyu, mseto wa mboga za msimu wa baridi. Asili yake ina viazi vikuu na viazi vitamu, na muuzaji alikuwa na sufuria ya pili ya Wajaini yenye ndizi mbichi badala yake. Foleni ya sufuria ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

Kesho yake ni sikukuu tena na mabasi ni ya kuhesabu, tukalala.

Januari 16: Barabara ya Palitana

Ni kama kilomita 215. Tulipanda basi la kampuni binafsi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kabla ya Barvala gurudumu likapasuka. Spea nayo ilikuwa haina upepo. Tukakaa kando ya mashamba ya pamba hadi karibu saa sita. Mwenye kibanda cha chai aliposikia tunatoka Kenya alikataa pesa ya mpwa: ana shangazi Kisumu. Alileta na viti.

Kukwama huko ndiko kulikonipa nilichokuja kukitafuta. Kutoka upande wa Dhandhuka walitokea watawa wa kike watano, nguo nyeupe, miguu mitupu juu ya lami, kila mmoja na ufagio wa sufu kwapani na bakuli za mbao zilizofungwa ndani ya kitambaa. Wa mwisho, mzee sana, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Watawa wa Kijaini hawapandi gari, hawashiki pesa, hawapiki. Chakula hukusanya kidogo kidogo nyumba kwa nyumba, ili pasiwe na nyumba inayopika kwa ajili yao. Miezi minane ya mwaka hutembea, na minne ya mvua hukaa mahali pamoja kwa sababu ardhi iliyolowa imejaa viumbe vya kukanyagwa. Ule ufagio ni wa kusogeza wadudu kabla ya kukaa. Utingo wetu, mikono imejaa grisi, aliinama na kuwapa heshima. Malori yaliwapita karibu mno. Watawa hugongwa kwenye barabara hizi, na kila mwenyeji ana kisa cha kukusimulia.

Barabara yenyewe ni kama imepangwa kwa ajili ya mgeni. Dhandhuka ndiko alikozaliwa Hemachandra mwishoni mwa karne ya 11, mwanachuoni aliyekuwa mshauri wa mfalme Kumarapala, yule aliyepiga marufuku uchinjaji katika ufalme wake. Mbele kidogo ni Vallabhipur, mji mdogo wa vumbi. Hapo, karne ya 5, watawa walikutana kuyaandika maandiko ya Washvetambara, yaani dhehebu la nguo nyeupe, baada ya kuyahifadhi vifuani karibu miaka elfu moja. Njaa na vifo vya wenye kuhifadhi vilikuwa vimewatia hofu. Wadigambara, dhehebu ambalo watawa wake wa kiume hutembea uchi, hawayakubali maandiko hayo mpaka leo. Basi lilisimama dakika mbili, abiria mmoja akashuka na mbuzi.

Palitana tulifika alasiri. Nyumba za wageni za mahujaji, dharamshala, zimepangana barabara nzima ya kuelekea mlimani. Mbili zilitukataa kwa upole, ni za Wajaini tu. Ya tatu ilitupa chumba kwa rupia 600, kwa masharti: hakuna nyama, yai, pombe, wala kula chumbani usiku.

Januari 17: Shatrunjaya

Tuliswali Alfajiri chumbani tukatoka kukiwa bado giza. Chini ya mlima wa Shatrunjaya, pale Jay Taleti, watu mia kadhaa walikuwa wamekaa wakiimba sala ya kuanzia. Mlima una urefu wa mita 600 hivi, ngazi zaidi ya 3,500, na kileleni mahekalu zaidi ya 800 ndani ya kuta. Fimbo hukodishwa. Wazee na wasiojiweza hubebwa kwa machela za watu wawili au wanne, na bei hutegemea uzito wa abiria. Nilimwona bwana mmoja mnene akibishana na mizani.

Wengi hupanda miguu mitupu. Mimi nilivua viatu nikavishika mkononi hadi ngazi zilipopata baridi ya kuuma, nikavivaa. Hakuna aliyesema neno. Lililo marufuku ni chakula: juu hakuliwi kitu. Maji yapo vituoni, ya kawaida na ya kuchemshwa, maana mwenye nadhiri hunywa yaliyochemshwa tu, nayo wakati wa baridi huhesabiwa safi kwa muda wa saa 12, wakati wa joto saa 15, wakati wa mvua saa 9. Zikipita hizo, uhai huanza tena ndani yake.

Karibu na Hingraj, mteremko mkali kuliko yote, binti wa miaka kama kumi na sita alitupita akishuka mbio. Tulipopumzika, akatupita tena akipanda. Yuko katika nadhiri ya kupanda mara 99, kwa kuwa Adinath anasimuliwa kuja mlima huu mara zisizohesabika kwa hesabu yetu, na 99 ndiyo idadi inayomkumbusha. Kwa muda wa nadhiri anakula mlo mmoja kwa siku. Kuna wengine hufunga siku mbili mfululizo bila chakula wala maji na kupanda mara 7 ndani ya siku hizo hizo. Tulipishana na mmoja wao, mdomo umekauka, ndugu zake wawili wakimpepea. Mpwa wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamikia magoti, alinyamaza hadi kileleni.

Pale Hanuman Dhara njia hugawanyika. Tulianzia upande wa nyua tisa za mahekalu, na mlangoni tukakuta kaburi la Angar Pir, walii wa Kiislamu. Husimuliwa kwamba aliulinda mlima usivunjwe. Wanawake wasiojaliwa watoto, Wajaini kwa Waislamu, humwekea visusu vidogo vya mbao, vitanda vya kubembelezea mtoto, na vilikuwa vimerundikana. Nikasoma Fatiha. Mwanamke wa Kijaini aliyekuwa pembeni alingoja nimalize, kisha akaweka chake.

Ua mkubwa kuliko zote ni wa Motisha, tajiri wa meli wa Bombay (Mumbai ya leo) katika karne ya 19, meli zake zikienda hadi China. Hapakuwa na uwanja uliobaki, kwa hiyo alijaza korongo zima kwa mawe na kujenga juu yake. Alifariki kabla ya kuona sanamu zikitawazwa. Kutoka ukutani huko unaliona bwawa la Shetrunji likimeremeta upande wa kusini.

Hekalu kuu ni la Adinath. Zamani lilikuwa la mbao. Inasimuliwa kwamba waziri Udayan akiwa katika ibada alimwona panya akikimbia na utambi unaowaka, akaapa kujenga kwa mawe, na mwanawe akaitimiza ahadi katika enzi ya yule yule Kumarapala. Tulikuta foleni ndefu ya watu waliovaa nguo zisizoshonwa, vitambaa vimefunika midomo, kila mmoja na kibakuli cha sandali iliyosagwa. Huigusisha sehemu tisa za sanamu, kutoka vidole vya miguu hadi kitovuni. Sisi tulisimama nyuma.

Kabla ya hapo ulifanyika mnada. Ndiyo, mnada: haki ya kuwa wa kwanza kuosha sanamu hupigiwa bei, na bei hutajwa kwa vipimo vya samli vinavyogeuzwa rupia. Pesa huenda kwenye mahekalu. Nilisimama nikitazama mikono ikipanda na bei ikipanda, katika dini ambayo moja ya nadhiri zake kuu tano ni kutolimbikiza mali, na Adinath aliyeketi mbele yao aliacha ufalme wake wote. Mzee aliyekuwa karibu alinisoma usoni. "Afadhali ashindane hapa," akasema, "kuliko kushindana kwa magari." Jibu lina mantiki yake. Halikunituliza sana, hasa nikiwakumbuka wale wabeba machela. Na si mimi wa kwanza: Wasthanakvasi na Waterapanthi, Wajaini kama hawa, hawataki sanamu wala maua, wala mahekalu ya kuviweka.

Jua lilipoanza kuinama kila mtu akashuka, na makuhani pia. Hakuna anayelala juu. Milango hufungwa, mahekalu zaidi ya 800 yanabaki bila mtu mpaka alfajiri. Chini kabisa, kwa wote wanaoshuka, hutolewa bure laddu, gathia na chai. Sikuulizwa dini yangu. Laddu ya kwanza sikumbuki hata ladha yake, ya pili nilitulia nikaila vizuri.

Januari 18: Palitana, siku ya magoti

Miguu ilikataa ngazi za dharamshala. Mchana tulikwenda nyumba ya chakula cha ayambil, mlo mmoja kwa siku usio na mafuta, samli, maziwa, sukari, mboga wala matunda: nafaka na dengu zilizochemshwa, chapati kavu, chumvi na pilipili manga. Kwa ulimi wa Mombasa ni mtihani. Mzee wa pembeni alipomaliza alimimina maji sahanini, akasugua kwa kidole, akayanywa yote. Mabaki yakibaki yanazaa viumbe, na viumbe hao watakufa sahani ikioshwa. Mpwa akanitazama kuona nitafanyaje. Niliyanywa.

Alasiri tulikubaliwa kuonana na mtawa mmoja wa kike katika nyumba yao. Masharti: mwanamume hamgusi, hampi kitu mkononi, na hukaa sakafuni mbali kidogo. Wote, wake kwa waume, huitwa Maharaj Saheb. Nywele zake fupi sana. Huzing'oa kwa mkono, si wembe. Alizungumza akiwa ameweka kitambaa mbele ya mdomo ili pumzi yake ya moto isidhuru hewa.

Nilimuuliza nani aliumba dunia. Hakuna, akasema, haina mwanzo, wala roho haikuumbwa. Karma kwao ni kitu halisi, chembe laini mno zilizojaa angani, nazo huishika roho kama vumbi linavyoushika mwili uliopakwa mafuta. Mafuta yenyewe ni manne: hasira, kiburi, hila na tamaa. Kazi ya dini ni mbili, kuzuia vumbi jipya na kulipukuta la zamani kwa kufunga, kutafakari na kutubu. Roho ikitakasika hupanda hadi kilele cha ulimwengu na kukaa humo milele, haina la kufanya na sisi tena.

"Basi mnamwomba nani?" nikauliza.

"Hatuombi." Akatusomea Navkar, maneno yanayosomwa asubuhi na jioni: heshima kwa walioshinda nafsi, kwa waliokombolewa, kwa viongozi wa watawa, kwa walimu, kwa watawa wote wa dunia. Hakuna jina la mtu hata mmoja ndani yake, hakuna ombi.

Mimi ni Mwislamu, na habari ya dunia isiyo na Muumba haikukaa vizuri kifuani. Nilimwambia. Alitabasamu kwa macho tu, akasema kwao kitu kimoja kina pande nyingi kuliko jicho la mmoja, na mtu hufundishwa kuanza kauli yake kwa "kwa upande fulani". Nikamuuliza habari ya santhara, nadhiri ya mzee au mgonjwa kuacha chakula taratibu hadi kufa. Mwaka 2015 mahakama kuu ya Rajasthan iliiharamisha kama kujiua, na mwezi huo huo Mahakama Kuu Kabisa ya India ikaisimamisha hukumu hiyo. "Anayejiua ana hasira au hofu," akasema. "Huyu hana." Hapo hatukukubaliana, na hakuonekana kuhitaji tukubaliane. Mpwa akaongeza swali lake, kama mwanamke anaweza kukombolewa. Wadigambara wanasema mpaka azaliwe tena mwanamume. Yeye alinyoosha vidole kuhesabu: Tirthankara wa 19, Malli, kwao alikuwa mwanamke.

Jioni, kwenye duka la chai, niliusikia upande mwingine wa habari za mji. Mwaka 2014 watawa wapatao 200 walifunga kula wakidai machinjio ya Palitana yafungwe, na serikali ikapiga marufuku uchinjaji na uuzaji wa nyama na mayai. Mwenye duka, Mwislamu, alisema ndugu zake waliokuwa wachinjaji sasa wanauza nguo na wengine wamehama. Hakusema kwa uchungu mkubwa, alisema kama mtu anayetaja bei. Mimi naona kujizuia mwenyewe na kumzuia jirani ni mambo mawili tofauti.

Januari 19 na 20: Jamnagar

Basi hadi Rajkot, usiku mmoja kwa mpwa, kisha Jamnagar. Huku ndiko Halar, nchi ya Waoshwali wetu: vijiji 52 vya wakulima walioanza kuvuka bahari kuja Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Bosi alinipa namba ya mzee mmoja aliyekuwa na duka Thika hadi miaka ya themanini.

Alitupokea mlangoni: "Karibuni ndani, karibuni! Habari ya Kenya? Unga bei gani siku hizi?" Kiswahili chake ni cha bara kabisa, na hakijapata kutu. Chakula kilikuwa mezani saa kumi na moja jioni, dengu, chapati, na bakuli la sukuma wiki aliyoipanda mwenyewe uani kwa mbegu alizotumiwa kutoka Nairobi.

Nilimuuliza kitu gani katika dini yake kilikuwa kigumu kukishika Thika. Nilidhani atasema chakula. Akasema Samvatsari. Ni siku ya mwisho ya Paryushan, siku nane za kufunga wakati wa mvua, na siku hiyo Mjaini humwendea kila mtu aliyehusiana naye mwaka mzima kuomba msamaha: "Micchami dukkadam", ubaya niliotenda ufutike. Kwa ndugu ni rahisi. Yeye alimwomba na mfanyakazi wake wa dukani, Mkikuyu, kwa Kiswahili: kama nimekukosea kwa tendo, kwa neno au kwa fikra, nisamehe.

"Akafanyaje?"

"Akaomba nyongeza ya mshahara!" Mzee alicheka hadi akakohoa. "Nikampa. Ningefanya nini, nimeshasema kwa fikra!" Mpaka leo humpigia simu kila mwaka siku hiyo.

Asubuhi alitutembeza Chandi Bazaar kwenye mahekalu ya Shantinath na Adinath, yaliyopakwa rangi hadi darini, kisha akatupeleka stesheni kwa skuta, mmoja mmoja.

Kwa atakayekwenda

Shatrunjaya hufungwa miezi minne ya mvua, takriban Julai hadi Novemba, na hufunguliwa siku ya mwezi mpevu katika Kartik, mwezi wa kalenda ya Kihindi. Desemba hadi Februari ndio wakati mzuri, kuanzia Aprili joto ni la kuchoma. Basi la Ahmedabad hadi Palitana halikufika rupia 300, chakula cha mahujaji kilikuwa rupia 100 na chini, na tuktuk ya kwenda Taleti patana kabla ya kupanda. Vitu vya ngozi, mkanda na pochi pia, viache chumbani, kwani mahekaluni havipiti. Mwanamke aliye hedhini haruhusiwi kuingia mahekaluni, na vibao vimeandikwa wazi. Anza kupanda kabla ya mapambazuko na ule vizuri jioni ya kabla yake, mapema, maana jikoni hufungwa jua likizama.